Vijana waacheni wajuane mbele za watu

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Tanga, aliyeandika kwamba vijana wa siku hizi wameyageuza masoko, vituo vya daladala na vibaraza vya maduka kuwa mahali pa kutafutia wachumba. Alipendekeza kwamba sisi wenye maduka tuwafukuze, na kwamba anayetaka kuoa au kuolewa akae kwao atulie, awasubiri wazee wamtafutie. Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza Ngamiani chenye benchi moja refu, na kwa kuwa nimo miongoni mwa wanaotuhumiwa kuwahifadhi watu hao, nimeona nisinyamaze.

Yako mambo ambayo msomaji huyo hakukosea. Kijana anayempigia mluzi dada wa watu aliyebeba kikapu akitoka soko la Mgandini, au anayemfuata kwa pikipiki hadi uchochoroni kwao, hatafuti mchumba, anamsumbua mtu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia, na kosa hilo linagusa hata maneno na vitendo vya kumkera mtu, si lazima awe ameshikwa mwili. Kuhusu watoto wa shule sina hata haja ya kubishana naye: hao wako nje kabisa ya habari hii, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Ninapoandika kuhusu vijana ninakusudia watu wazima waliomaliza shule, wenye shughuli zao au wanaozitafuta.

Alipokosea, kwa maoni yangu, ni pale alipomweka kapu moja yule anayemrukia mpita njia asiyemjua na yule anayezoeana taratibu na mtu anayemwona kila siku, mahali ambapo wote wawili wanajulikana. Huyu wa pili ndiye ninayemtetea. Sokoni, kibarazani, kwenye kikundi au msibani kuna watu wanaomjua kila mmoja kwa jina, kwa wazazi wake, kwa madeni yake na kwa hasira zake, na mtu anayejua kuwa anaonekana na wanaomjua hawezi kudanganya sana.

Tuanze na hao wazee tunaoambiwa tuwasubiri. Ni kweli kwamba katika pwani yetu posa ilipita kwa mshenga, barua ikaandikwa kwa heshima, ikatajwa mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Lakini kabla mshenga hajavaa kanzu yake, habari za yule binti zilikuwa zimetoka wapi? Zilitoka kwa shangazi aliyemwona kisimani, kwa jirani aliyemkuta kwenye maulidi, kwa bi mkubwa aliyenunua kwake maandazi kila asubuhi na kuona kwamba hesabu yake haina hila. Na upande wa kijana ilikuwa hivyo hivyo: aliulizwa kazini kwake, akaulizwa msikitini au kanisani kwake, akaulizwa hata kwa muuza kahawa kama hulipa. Na mara nyingi, jambo ambalo wazee hawapendi kulikiri mbele ya wajukuu, vijana wenyewe walikuwa wameshatupiana jicho mapema, na mshenga alitumwa kwenda kuhalalisha lililokwisha kuanza. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani watu hawakupatana katika shughuli za kila siku anaikumbuka barua ya posa na kuisahau safari iliyoitangulia.

Nitaje msiba, ingawa najua wako watakaokunja uso. Katika mji huu, mtu akifiwa, mtaa mzima huhamia kwake. Vijana wa kiume hupanga viti, hufunga turubai, hubeba madumu ya maji na masufuria ya kuazima. Akina dada hukaa kwenye mikeka wakichambua mchele na kumenya vitunguu huku machozi ya vitunguu yakichanganyika na ya kweli. Hapo hapatongozwi, na atakayejaribu atastahili aibu itakayompata. Lakini hapo mtu anaonekana. Anaonekana yule anayefika wa kwanza kuinua jeneza na yule anayefika pilau likiwa tayari. Anaonekana anayewasemesha wapishi kwa amri na anayechota maji bila kuagizwa. Nimeshona nguo za maharusi wengi, nami nikiwapima huwauliza walijuana vipi, kwa sababu mtu akipimwa bega hana pa kukimbilia. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba jicho la kwanza lilikuwa kwenye hitma ya fulani, kisha miezi ikapita bila neno, halafu wakakutana tena kwenye harusi ya mtu mwingine wakawa na pa kuanzia.

Mpwa wangu anayesoma chuo alinisomea habari ya mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, James Bossard, ambaye mwaka 1932 alichapisha matokeo ya kupitia vibali 5,000 vya ndoa katika mji wa Philadelphia. Alikuta kwamba takriban theluthi moja ya waliooana walikuwa wakiishi umbali usiozidi mitaa mitano kati yao kabla ya ndoa. Mitaa ya huko imenyooka na kukatana kama ya kwetu Ngamiani, ambako barabara zina namba, basi nikapiga hesabu yangu: ni kama mmoja anakaa Barabara ya 8 na mwenzake Barabara ya 13, mwendo ambao mtu huufanya akitumwa chumvi. Sidai kwamba vibali vile vinathibitisha raha ya ndoa, maana Bossard alihesabu umbali, hakuhesabu ugomvi. Na katika miji ya Marekani ya wakati ule watu wa asili moja walikaa pamoja, kwa hiyo ujirani ulikuwa pia udugu wa namna fulani. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuoana na mtu unayepishana naye njiani hakukuzuliwa na vijana wa Tanga wa mwaka huu.

Sasa, kupishana peke yake hakutoshi, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Wako wanaoonana kila siku mwaka mzima wasizidishe "mambo" na "poa". Kilichopo kati ya kuonana na kujuana ni mazoea, na mazoea yanahitaji sababu ndogo ya kurudi. Nilikuwa na binti niliyemfundisha ushonaji, mtulivu, mwenye ulimi mkali akiamua kuutumia. Dereva mmoja wa bodaboda alileta suruali ipunguzwe urefu. Baada ya siku chache akairudisha, akasema imebaki ndefu. Ikapunguzwa. Akaja tena, akanisalimu, "Shikamoo mama," akaeleza kwa uso wa huzuni kwamba sasa anaona imekuwa fupi, je, hakuna namna ya kuishusha? Mimi nikajifanya ninatafuta bobini. Yule binti akaishika ile suruali, akaugeuza upindo, akamwonyesha: "Kaka, kitambaa kimekwisha. Kama una neno, liseme, maana safari ijayo utavaa kaptura." Benchi zima likacheka, naye akacheka, neno likasemwa palepale, na majibu yakawa kwamba kama ana nia ya kweli kwao ni Pongwe na mjomba wake yupo. Barua ilikwenda.

Ninalieleza hilo kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, kijana yule hakuomba namba ya simu kwa mtu asiyemjua. Alikuja mchana, mbele ya watu, mahali ambapo mimi nilimjua kijiwe chake na wenzake wa kijiweni walimjua yeye. Laiti angekuwa na mke nyumbani, habari ingemfikia binti kabla ya upindo wa pili. La pili, binti alikuwa na watu upande wake. Angesema "sitaki", kijana angekunja suruali yake akaondoka, na asingethubutu kurudi na jazba mbele ya benchi lilelile.

Lakini nikiri upande mwingine wa jambo, maana si kila mtu anayeonekana kila siku yuko huru kuondoka. Mhudumu wa duka, mama lishe, muuguzi, mpokea fedha dirishani, hata yule binti wangu wa ushonaji, wako kazini. Wanatabasamu kwa sababu wanahudumia. Mteja anayelichukua tabasamu la kazi akaligeuza kuwa ahadi, kisha akawa anakaa pale saa nzima na soda moja, anamweka mwenzake mahali pabaya, kwa kuwa hawezi kumwacha akaenda zake na hawezi kumjibu kwa ukali bila kumwogopa mwajiri. Kwa mtu aliye kazini, adabu inataka neno liwe moja, fupi, na nafasi ya kukataa iwe wazi. Akikataa, mteja arudi kuwa mteja au ahamie duka jingine.

Ubaya zaidi uko kwa mawakala wa fedha za simu. Kila anayeweka au kutoa fedha huacha jina lake na namba yake kwenye daftari pale kibandani, na ujumbe wa muamala nao hubaki kwenye simu. Mteja wangu mmoja, dada anayefanya kazi za zamu, alikwenda kuweka fedha jioni, na usiku uleule akaanza kupokea ujumbe: "Mambo mrembo, nimekuona leo." Namba hakuitoa yeye, ilichukuliwa daftarini. Siku hizi anatembea mbali kukikwepa kibanda kilicho mlangoni kwake. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani isitumiwe kwa kazi nyingine, na namba iliyoandikwa kwa ajili ya muamala ni taarifa ya namna hiyo hiyo. Ninawaambia vijana wanaokaa kwenye vibanda hivyo: kama dada amekuvutia, msalimie atakaporudi, zungumza naye, na namba aitoe mwenyewe kwa kinywa chake.

Sehemu nyingine nizipite haraka. Daladala haifai sana, labda kwa wale wanaopanda gari moja asubuhi kila siku. Kelele ni nyingi, safari ni fupi, na aliyekaa dirishani amezibwa na aliyekaa pembeni. Uwanjani Mkwakwani, timu yetu ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wanapocheza, maneno huja yenyewe, kwa kuwa mwamuzi huwapa watu wawili wasiojuana jambo la kulalamikia kwa pamoja. Raskazone, kule ufukweni, siku ya sikukuu ina watu wengi mno wasiojuana. Ni mahali pa kwenda na mtu uliyekwisha kumjua. Kwaya, madrasa za watu wazima, kamati za harusi, madarasa ya kompyuta ya jioni, yote hayo ni mazuri, kwa sababu watu hufanya kazi pamoja kwa muda mrefu bila kulazimika kutazamana.

Ninapopapenda kuliko pote, hata hivyo, ni kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, na nashangaa kwamba watu huvitaja kwa habari ya mikopo tu. Kwenye kikoba mnakutana kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu mbalimbali, hisa zinanunuliwa hadharani, na marejesho yanasomwa kwa sauti. Mtu anayechelewesha rejesho hujieleza mbele ya wenzake, nawe unasikia jinsi anavyojieleza: mwingine husema ukweli kwamba biashara ya dagaa imemwangusha na kuomba wiki mbili, mwingine humsingizia mama yake mzazi ugonjwa. Unamwona anayeutetea mfuko wa jamii mwanachama anapofiwa, na unamwona anayeuliza kwanza kama marehemu alikuwa ndugu wa karibu. Wachumba huweza kukaa miaka miwili wakipelekeana ujumbe mtamu bila kujua hata kimoja kati ya hayo, na baadaye wakayajua yote katika mwezi wa kwanza wa ndoa, kodi ya nyumba ikiwa imefika.

Na hapo tumefika kwenye simu. Sitaki nionekane mshamba anayepigana na wakati. Huko Marekani, utafiti wa Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kati ya wapenzi wa kiume na wa kike waliokutana mwaka 2017, asilimia 39 walijuana kupitia intaneti, na kwamba kujuana kupitia marafiki na ndugu kumekuwa kukipungua. Huko ndiko wanakokwenda, na hapa kwetu dalili zipo. Lakini mtu wa kwenye simu huja bila mtaa. Picha yaweza kuwa ya miaka kumi iliyopita au ya mtu mwingine, kazi yaweza kuwa ya kubuni, na hakuna muuza kahawa wa kumuuliza. Mabinti wanaokuja dukani kwangu na habari hizo huwa nawashauri jambo moja: mlete mapema mahali penye watu wako. Aje mkae barazani kwa shangazi, aje kwenye harusi ya jirani, apite hapa dukani asalimie. Aliye na nia atakuja, hata kama kanzu haimkai vizuri. Anayetaka muonane kwanza nyumba ya wageni, huku kila siku ana udhuru wa kutowasalimia watu wako, amekwisha kujibu swali.

Hata sheria yetu imeelekea huko huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa iwe ya hiari ya wote wawili, inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Siku zile 21 zimewekwa ili mwenye pingamizi aseme: kwamba bwana ana mke aliyemficha, kwamba binti hajaridhia. Kama serikali inataka watu wajue kabla ya ndoa, kwa nini sisi tuone haya watu kujua kabla ya uchumba? Kijana tunayemfukuza kibarazani saa kumi alasiri, jua linawaka na watu wamejaa, haachi kupenda. Anahamia mahali ambapo hakuna wa kumwona, na huko ndiko mambo yanakoharibika.

Niwaseme pia wanawake wenzangu, kwa sababu barua ile iliwazungumzia mabinti kana kwamba ni mizigo inayopitishwa. Katika mji ambao akina mama wanapanda baiskeli kwenda sokoni bila mtu kugeuza shingo, bado binti akimsalimia kijana kwanza anaitwa mwepesi. Matokeo yake binti mwenye macho mazuri ya kuchagua anasubiri kuchaguliwa na asiyemtaka. Salamu si posa. Kumuuliza kijana wa kikoba chako kama ile biashara yake ya machungwa ya Muheza inaendaje si kujirahisisha. Na kwa upande wa kukataa, nawasihi tuache mtindo wa kumpiga mtu kalenda, leo nina mgeni, kesho naumwa, keshokutwa simu haina chaji, tukitumaini atachoka mwenyewe. "Kaka, nashukuru, lakini sina nia hiyo" ni maneno yanayoeleweka. Akiyasikia akaendelea, basi benchi zima limemsikia naye ajue hivyo.

Namalizia na jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa. Nyumba zetu za zamani za Ngamiani zina baraza la nje. Mtu akikaa jioni anapunga upepo, anamwona kila apitaye na kila apitaye anamwona. Nyumba mpya zinazojengwa pembezoni mwa mji zina ukuta, geti na kengele. Sizilaumu, wezi wapo. Lakini kijana aliyekulia nyuma ya geti hana njia ya kumjua binti wa nyumba ya tatu isipokuwa kwa simu, hata kama wametenganishwa na matofali tu. Kwa hiyo, wakati ramani za viwanja vipya zinapochorwa, ningependa wachoraji na wajumbe wa mitaa wadai kiwanja kimoja cha wazi kila mtaa, chenye miti, chenye mabenchi na nafasi ya mama muuza bajia na muuza kahawa. Na kiwe na taa, kwa sababu dada anayetoka kazini saa moja usiku hawezi kukaa gizani kumsikiliza mtu, hata kama mtu huyo ana maneno mazuri.

Wako,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.